Maumivu Huitwa kwa Jina la Mama

Siku ya kwanza Pairi alipokutana na Tamiti, alikwenda kumuuzia mzigo, na nusura amwachie na punda aliyeubeba.

Pairi alikuwa mchuuzi wa gatini mjini Waset. Alianza na vitunguu vilivyooza upande mmoja, akavigeuza upande mzuri ukae juu, akala, akaweka akiba. Kutoka vitunguu akapanda hadi kitani, na mwaka ule, Firauni akiwa vitani kaskazini, akafikia bidhaa za ng'ambo ya bahari. Mabaharia wa kisiwa cha Alashia walikuwa wanaleta vigudulia vya udongo, vyeusi, vyenye shingo nyembamba na tumbo la mviringo. Vilifinyangwa vifanane na tunda la mpopi lililopinduliwa, ili hata asiyejua neno la lugha yao ajue ndani kuna nini. Ndani kulikuwa na afyuni, utomvu wa tunda hilo, umekorogwa kwenye mafuta. Gatini nzima walimwambia mnunuzi wa maana wa kitu kile ni mmoja tu, mwanamke mnene wa uchochoro wa waokaji mikate, anayetuliza watu maumivu.

Alimkuta anakanda unga. Ukutani kwake kulitundikwa mafuvu ya kambare kwenye kamba, kama vitunguu, na Pairi, ili kuanza mazungumzo kwa uchangamfu, akauliza kama mama ni mvuvi. Tamiti akamjibu kwamba hayo ni ya vichwa. Mtu akiumwa na kichwa, fuvu la kambare hukaangwa kwenye mafuta, yule mtu akapakwa yale mafuta, na maumivu yakahamia kwa samaki. Samaki hawezi kulalamika, keshakufa.

Kisha akavunja lakiri ya kigudulia kimoja, akachovya ncha ya kidole, akakiweka chini ya ulimi. Akaendelea kukanda. Pairi akasimulia dhoruba za baharini, bei za kaskazini, njaa ya watoto ambao hakuwa nao. Mama yule akakanda tu, mpaka mdomo wake ulipoanza kufa ganzi. Hapo akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akamwambia na yeye aonje, maana hawezi kufanya biashara na mtu asiyejua anachokiuza. Pairi hakutaka kuonekana mshamba. Akachovya, tena akachovya vizuri.

Alipozinduka jua lilikuwa limepinduka, mgongo wake umeegemea magunia ya shayiri, na majirani wawili walikuwa mashahidi kwamba amekubali kubadilisha mzigo mzima kwa mikate, mtungi wa pombe na shuka ya kitani iliyowahi kufuliwa mara nyingi.

"Ulikubali kwa moyo mweupe kabisa," Tamiti alimwambia. "Hata ulinibusu mkono, mwanangu."

Mtu mwingine angekwenda kushtaki. Pairi alikaa akatafuna mkate wa hasara yake akafikiri, akaona kwamba mtu anayeweza kumfanyia vile ni wa kufanya naye kazi, si wa kugombana naye. Msimu uliofuata alirudi na mzigo mwingine. Safari hii aliweka mikono nyuma wakati wote.

Ndivyo alivyomjua Tamiti, kipande kwa kipande, baina ya bei na bei. Baba yake alikuwa dobi wa mtoni, mtu wa kufua huku jicho moja likimtazama mamba. Aliolewa na mkata mawe. Jiwe likamlalia yule mume miguu yote miwili, na ikamchukua muda mrefu kufa, na mtaa mzima ulimsikia. Tamiti hakupenda kulizungumzia zaidi ya hapo. Alisema tu kwamba baada ya mazishi alikwenda kuomba kazi ya kupika pombe kwenye hekalu la mungu wa kike Sekhmet, ambako matabibu wanasomea, kwa sababu alitaka kujua kama kulikuwa na kitu ambacho mumewe angepewa. Kulikuwapo. Akakasirika, kisha akajifunza.

Matabibu walipasua, waliunga, walishona. Yeye alishughulika na kelele. Alikuwa na afyuni, na yungiyungi la buluu alilolilowesha kwenye mvinyo, na maziwa ya mwanamke aliyezaa mtoto wa kiume, ambayo hayakosekani kwenye dawa yoyote ya kuungua. Kwa ajili ya maziwa hayo alikuwa na vita ya kudumu na jirani yake mmoja, mama wa watoto wa kiume watupu, aliyejua thamani ya alichonacho na kupandisha bei kila mtu akiungua mtaani.

Na alikuwa na maneno. Hapa hakuwa na mzaha. Dawa bila maneno, alisema, ni mjumbe asiyejua nyumba anakotumwa. Maumivu ni mgeni mwenye kiburi; yameingia kwa fulani, mwana wa mama fulani, na ukitaka yatoke lazima uyaite kwenye mlango huohuo. Pairi aliuliza mara moja kwa nini mama na si baba. Tamiti alicheka mpaka akakohoa. Baba mtu huambiwa, akasema. Mama, mtaa mzima uliliona tumbo.

Pairi hakucheka sana siku hiyo.

Yeye alijulikana gatini kama Pairi mwana wa Henuti. Bi Henuti alikuwa msimamizi wa nyumba ya ufumaji ya hekalu, mwanamke mwenye jina zuri na mlango wa mbao nzito. Alipofariki alimwachia Pairi kitanda, mizani na jina lake. Kwa mchuuzi, jina lile lilikuwa mtaji kuliko mizani. Ndilo lililomfikisha kwa Userhati.

Userhati alikuwa tajiri wa mashua kubwa za mto. Alikuwa amechoka, goti lake baya, mtoto wake mmoja tu, binti aitwaye Nubeti, msichana wa kicheko kikubwa aliyejua kupima shayiri kwa jicho. Userhati alimpenda Pairi kwa ulimi wake. Wakakubaliana: Pairi amchukue Nubeti, waanze nyumba, na mashua moja nzima iwe chini yake, kutoka Waset hadi mto unapoingia baharini. Userhati alikuwa na sharti moja, na alilirudia kila walipokunywa. Wajukuu wake wazaliwe katika damu ya watu huru pande zote mbili. Babu yake mwenyewe aliwahi kuuzwa, na ukoo ulitumia vizazi kuifuta habari hiyo. Hakutaka iandikwe upya.

Pairi alikuwa akiinua kikombe chake na kunywa.

Basi siku moja, wakati wa kupakua kikapu cha samaki, mwiba wa kambare ukamchoma mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Kitu kidogo. Alinyonya damu, akatema, akaendelea na kazi. Baada ya siku chache mkono ulivimba ukawa kama mkate wa sherehe, mwekundu, unang'aa, na mstari wa joto ukaanza kupanda kuelekea kwapani. Hakuweza kushika mizani. Baadaye hakuweza hata kushika kijiko, na mwili ukatetemeka kwa homa juani.

Wenzake wa gatini walimpeleka kwa Tamiti asubuhi, kwa sababu nyumba yake ilikuwa na kivuli na benchi pana. Tabibu Kenna akaitwa kutoka hekaluni. Alikuwa mtu mkavu, mpole, mwenye vidole virefu. Aliubonyeza uvimbe, akaunusa, akahesabu mapigo ya moyo shingoni. Kisha akatoa kauli. Matabibu wa Waset wana kauli tatu tu, na mgonjwa huzisubiri kama hukumu. Ya kwanza ni, ugonjwa huu nitautibu. Ya tatu ni, ugonjwa huu hautibiki, na baada ya hapo tabibu hunawa mikono na kwenda zake. Kenna alitoa ya katikati.

"Ugonjwa huu nitapambana nao," alisema.

Akafafanua kwamba usaha uko chini, umelala juu ya mshipa mkubwa. Atapasua kwa kisu cha moto. Mgonjwa akitulia kama gogo, mkono utapona. Akiruka, kisu kitaingia kwenye mshipa, na hapo hakuna cha kuzuia damu. Na lazima iwe leo, kabla ule mstari haujafika kwapani.

Ilihitajika watu wa kumshika. Userhati alikuwa amekuja kumjulia hali na kikapu cha tini, na hakuwa mtu wa kusimama kando. Akamwita baharia wake mmoja amshike mabegani, yeye mwenyewe akaishika miguu ya mkwe wake mtarajiwa, akisema kwamba amewahi kushika ng'ombe wabishi kuliko huyu.

Tamiti alikoroga bakuli. Akamuuliza Pairi swali lile analowauliza wote, kwa sauti ya kazi tu, kama anayeuliza chumvi iko wapi. Wewe ni Pairi, mwana wa nani?

"Wa Henuti," Pairi alijibu, na hakupepesa jicho.

Kwenye miguu, Userhati alikubali kwa kichwa.

Tamiti alimtazama kidogo. Kisha akampa anywe, akaweka kiganja juu ya uvimbe, akaanza maneno ya mungu wa kike Isis. Si mimi ninayesema, ni Isis anayesema. Anayeumwa si mtu, ni Horus mdogo, mwana wa Isis, mama yake amerudi. Tokeni, nyinyi mlioingia kwa Pairi mwana wa Henuti. Alirudia na kurudia, wakangoja, midomo ya Pairi ikaanza kupoteza hisia. Kenna akachukua kisu kwenye makaa, akakigusisha ngozi.

Pairi aliruka kama samaki aliyetupwa mchangani. Mguu mmoja ulimponyoka Userhati ukamkuta tabibu kifuani, na tabibu akaenda kuketi ndani ya kikapu cha bandeji.

Hakukasirika. Alisimama, akajipangusa, akarudisha kisu kwenye makaa. Alisema kisu kikipata moto tena atajaribu mara moja tu. Mgonjwa asipotulia, atatamka ile kauli ya tatu, na kwa kweli hatapenda kuitamka, kwa sababu Pairi humuuzia asali nzuri.

Userhati akauliza kwa nini wasiongeze dawa, kitu rahisi. Tamiti alikataa. Dawa aliyompa ilikuwa ya kumlaza fahali, alisema; akimpa nyingine kwa maneno yaleyale, Pairi atalala asiamke. Kisha akainama kama anayemfuta jasho, mdomo wake ukafika sikioni.

"Bi Henuti nilimtuliza tumbo miaka mingi, mwanangu. Tumbo lile halikuwahi kuzaa. Dawa imetumwa kwa mtu ambaye hayupo."

Pairi alifumba macho. Homa ilikuwa inampiga, lakini sehemu ile ya kichwa inayojadili bei ilikuwa macho kabisa, na ikaanza kazi. Akamnong'oneza aseme jina la kweli moyoni, kimyakimya. Tamiti akamjibu kwamba maumivu yako mkononi mwake, hayako moyoni mwa mtu mwingine. Lazima yasikie yanaitwa. Basi aseme kwa lugha ya kigeni. Lugha gani, akasema Tamiti, na wewe huijui hata moja. Basi amtoe Userhati nje. Hilo Tamiti aliona linawezekana, akajinyoosha, akamwomba bwana mkubwa kwa heshima zote akapumzishe goti lake kivulini, baharia peke yake atatosha.

Userhati hakutajirika kwa upumbavu.

"Mnanong'ona nini hapo?" aliuliza. "Mimi nampa binti yangu huyu. Kuna kitu gani ndani yake nisichotakiwa kusikia?"

Kisu kilikuwa kinageuka rangi kwenye makaa.

Pairi alipima, kama alivyopima kila kitu maishani. Upande mmoja mashua nzima, na nyumba yenye nguzo za mawe, na kicheko cha Nubeti, ambacho alikipenda kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Upande wa pili mkono, na nyuma ya mkono roho. Akatafuta njia ya tatu, maana siku zote gatini kuna njia ya tatu. Angeweza kutaja jina jingine la uongo, la mwanamke huru yeyote. Lakini alikuwa ameshaona linavyofanya kazi jina la uongo. Maiti hapati mkwe. Akafumbua macho, akamtazama Userhati na si Tamiti, kwa sababu ndiye aliyekuwa anamdai maneno hayo.

"Mama yangu ni Menahema," alisema. "Alitekwa vitani nchi ya Retenu. Alikuwa mtumwa wa kusaga nafaka nyumbani kwa Bi Henuti, na mimi nilizaliwa nyuma ya kinu. Bi Henuti aliniacha huru, akanipa jina lake. Hayo ndiyo yote."

Uso wa Userhati ulikunjamana, kisha ukatulia. Mikono yake haikuachia.

"Mguu wako nitaushika," alisema. "Nimesema nitaushika. Habari ya binti yangu ni nyingine, na imekwisha."

Tamiti hakungoja huzuni. Alichota kutoka kigudulia kilekile, kwa kijiko kilekile, tena kidogo kuliko mara ya kwanza. Pairi aliona kwa macho yake, na hilo alilisimulia maisha yake yote. Akamnywesha, akaweka kiganja. Si mimi ninayesema, ni Isis anayesema. Tokeni, nyinyi mlioingia kwa Pairi mwana wa Menahema, aliyemzaa nyuma ya kinu. Alilitamka jina lile kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Pairi hakuwa amelisikia likitamkwa tangu mwenye jina alipozikwa mchangani. Ganzi ilipanda kutoka vidoleni, ikapita kwenye kiwiko, ikaenda begani. Mkono ukawa wa mtu mwingine. Alisikia kisu kikiingia kama mtu anayefungua mlango wa jirani. Alimsikia Kenna akiimba polepole puani, kama afanyavyo kazi ikimwendea vizuri, akasikia harufu mbaya, halafu harufu ya asali. Kisha akalala usingizi mzito, akakoroma, na inasemekana alijadiliana bei na mtu fulani ndotoni.

Alipoamka mkono ulikuwa umefungwa kitani safi. Userhati alikuwa ameondoka. Kikapu cha tini alikiacha.

Tamiti alikaa karibu akizila zile tini, akaanza mara moja mazungumzo ya malipo, kwa kuwa mgonjwa akishapona kabisa hukumbuka shida nyingine alizonazo. Alitaka kila mzigo wa Alashia atakaoupata Pairi upite kwake kwanza, achague, ndipo wengine waonyeshwe. Pairi, ulimi wake bado mzito, alipinga. Alisema ni mengi mno kwa kazi iliyoharibika mara ya kwanza.

"Ya kwanza ulinilipa jina la bandia," Tamiti alisema. "Na hiyo pia nakudai."

Wakavutana mpaka jua likafika kizingitini. Wakaafikiana kwamba atachagua kwanza, ila atalipa kwa kitani kipya, kisichowahi kuvaliwa. Kisha Pairi akamuuliza lililokuwa linamsumbua kama mfanyabiashara. Kipi kilichofanya kazi, jina au afyuni? Isije ikawa ile dawa ya kwanza ilichelewa tu njiani, ikakutana na ya pili.

Tamiti alilamba kidole.

"Nikikwambia ni kipi, kesho utanipunja kingine."

Hakusema zaidi, wala Pairi hakupata kujua.

Userhati alitimiza neno lake, bila chuki na bila kelele. Kabla ya mafuriko ya mto kurudi, Nubeti alikwenda kwa mwana wa karani wa maghala, kijana ambaye mama yake, bibi yake na mama wa bibi yake wote wana majina yanayotajika mbele ya watu. Mashua aliyopaswa kupewa Pairi ikapewa yeye. Ni kijana mwema, lakini watu wa Alashia humwona akija kwa mbali na kupandisha bei wakicheka, na kila afyuni anayorudi nayo haimtoshi hata baba mkwe wake. Goti la Userhati lilizidi. Mwishowe alianza kumtuma mtu uchochoroni, na Tamiti anamuuzia, kwa bei ya Tamiti.

Pairi alikosa mashua. Alikosa Nubeti, na mwaka mzima hakupita mtaa wao, akizunguka njia ndefu na punda wake. Wapagazi gatini walimwita mwana wa kinu, wakawa wanazungusha mikono kama wasagaji akipita, naye akazoea kuwauliza kama wanataka kumsagia na wao, malipo ni mkate mmoja. Wanunuzi wakubwa wawili walimkimbia. Wengine, wadogo na wengi, walikuja kwa sababu walisikia ndiye aliyelala chini ya kisu akakoroma, na walitaka kile alichokunywa. Mkono wake haukunjuki wote. Unashika mizani, na kwa kazi yake huo ndio mkono.

Tamiti alipata mzigo wa kwanza wa kila msimu, akaulipia kwa kitani kipya. Alichopoteza ni jambo moja, na hulilalamikia mpaka leo kwa yule jirani yake wa maziwa: kwamba tangu siku ile Pairi hadanganyi tena kuhusu alikotoa bidhaa zake, na mtu asiyedanganya, anasema, ni vigumu mno kumshusha bei.